Waridi la Miski

Mwanamke aliyeshuka kwenye gari jeupe hakuuliza bei, kama wanunuzi wengine wanavyofanya. Aliinama, akakishika kishada cha maua kwa vidole viwili, akakisogeza puani na kufumba macho. Alipoyafumbua, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hii umeitoa wapi?"

Ajwang alikuwa amechuchumaa nyuma ya safu ya miche, akijaza udongo kwenye mifuko myeusi ya plastiki. Kitalu chake kilikuwa kando ya Ngong Road, hatua chache kutoka Adams Arcade, kimebanwa kati ya mtaro na vitanda vya seremala vilivyoanikwa nje vinunuliwe. Alijifuta mikono kwa leso akainuka akitabasamu, maana aliona mteja wa maana.

"Hiyo ni rosi ya pekee, mama. Hapa barabarani yote hautaipata kwa mtu mwingine. Ona, miiba ni kidogo tu. Inatoa maua, inapumzika wiki kadhaa, inatoa tena, hivyo hivyo mwaka mzima. Na mvua ikinyesha jioni, harufu inakupata ukiwa bado nje ya geti."

"Nimekuuliza umeitoa wapi."

"Ni mzee wangu ameikuza, kutoka kijiti." Ajwang hakuficha majivuno yake. "Yeye ndiye mtu wa maua. Ako Parklands kwa bustani ya watu, mwaka wa kumi na saba sasa. Hiyo moja ni mia tatu. Ukichukua tano tutaelewana."

"Mia tatu," yule mwanamke alisema, kana kwamba ametukanwa. Akatoa simu, akapiga picha ya miche, ya kibao cha bei, na ya Ajwang mwenyewe bila kumwomba. "Mzee wako anaitwa nani?"

"Jackton."

Mwanamke alirudi garini bila kuaga. Ajwang alibaki amesimama na mche mkononi, akijiambia huenda amekwenda kuleta gari kubwa zaidi.

Jina la yule mwanamke lilikuwa Sahar, naye hakuwa mtu mbaya. Miezi minane iliyopita alikuwa ameanza kuuza waridi hilo hilo kupitia simu, likiwa ndani ya chungu cha udongo kilichofungwa utepe wa dhahabu, shilingi elfu tatu na mia tano kila mche. Mama mkwe wake, Bi Saleha, aliliita waridi la miski, na baada ya kifo chake Sahar alilifanya jina hilo kuwa la biashara. Ilikuwa biashara yake mwenyewe, si ya mumewe wala ya babake. Aliyekata vijiti vya miche yake, akavitia udongoni, akavimwagilia hadi vikashika, alikuwa mtunza bustani wao, Jackton, kwa mshahara ule ule aliokuwa akilipwa kufyeka nyasi.

Asubuhi ya siku hiyo mteja mmoja alikuwa amemtumia Sahar ujumbe: kumbe mnatuuzia maua ya barabarani?

* * *

Kesho yake Jackton alikuwa kwenye ngazi, akifunga matawi ya mwaridi ukutani kwa kamba za katani, alipoitwa barazani. Ulikuwa mwaridi mkubwa, umepita dirisha, na matawi yake marefu yalijiinamia kwa uzito wa vishada. Maua yalikuwa madogo, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na vitumba vyake vilikuwa vya rangi ya waridi.

"Vua buti," Sahar alimwambia alipofika kwenye ngazi za baraza.

Akavua. Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imetoboka, na kidole gumba kilichungulia nje. Akakificha chini ya mguu wa pili, akasimama hivyo, mwanamume wa miaka hamsini na mbili aliyesimama kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu. Ridhwan, mume wa Sahar na mwenye nyumba, alikuwa ameketi na kikombe cha chai mbele yake.

"Jackton, mkeo anauza maua yangu pale Adams," Sahar alisema.

"Anauza maua, ndiyo, mama. Lakini hiyo rosi alinipatia marehemu mwenyewe, Bi Saleha. Alisema nikate vijiti nipeleke kwangu, mama watoto auze apate kitu kidogo."

"Marehemu hawezi kuulizwa."

"Boss anaweza." Jackton alimgeukia Ridhwan kwa matumaini, kwa sababu hakuona jambo gumu hapo. "Boss, ulikuwepo. Ilikuwa siku ya Idd. Ulikuwa umekaa hapo hapo, unamenyea mama chungwa."

Ridhwan alikoroga chai iliyokuwa imekwisha kukorogwa.

"Mimi sikumbuki," akasema.

Alikumbuka vizuri sana. Alikumbuka hata mbegu za chungwa, kwa sababu mama yake alizitemea kwenye kiganja chake, akicheka, huku akimwambia Jackton akate vijiti vinono, asichague vile vya kufa. Lakini usiku uliopita mkewe alikuwa amelia mpaka akalala na nguo za kutwa. Ridhwan alijiambia kwamba ni neno moja tu dogo, atalisema, nyumba itatulia, na mwanamume huyu mpole ataelewa kama alivyoelewa mambo mengi kwa miaka kumi na saba.

Sahar aliweka karatasi na kalamu mezani. "Mimi sitaki kukuharibia. Andika kwamba ulichukua bila ruhusa, na mkeo aache kuuza. Utie sahihi. Halafu urudi kazini, tusahau."

Jackton aliitazama ile karatasi. Alifikiria kodi ya nyumba, na binti yake Ivyne aliyekuwa chuoni Kisumu.

"Hiyo siwezi kuandika, mama. Nitakuwa nimejiita mwizi."

"Basi waje wenye kazi yao."

Walikuja kabla ya saa nne, polisi wawili. Wakaumwaga mfuko wake mbele ya geti. Sufuria ndogo ya ugali na omena ikabiringika kwenye changarawe, na makasi yake ya kupogolea, aliyoyanunua kwa pesa zake, yakatiwa kwenye bahasha kama ushahidi. Kisha wakamfunga pingu. Nje, yaya wa jirani alisimama na mtoto mgongoni, dereva wa nyumba ya pili akaacha kuosha gari, na mama mzee wa nyumba ya kona, aliyekuwa akimwomba Jackton ushauri wa ndimu zake kila wiki, akarudi ndani na kufunga mlango. Obuya, mlinzi wa geti, alifungua huku akitazama chini.

"Obuya, mwambie mama Ivyne," Jackton alisema.

Hakukuwa na haja. Saa hiyo hiyo pikapu ilikuwa imesimama pale Adams, na vijana watatu walikuwa wakitupa miche ya Ajwang ndani kama watu wanaopakia matofali.

"Hiyo ni kitu yangu! Mnapeleka wapi? Nionyesheni karatasi!"

"Ni mali ya wizi, mama," askari aliyekuja nao alisema. "Itahifadhiwa kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi!"

Walibeba miche themanini na mitatu. Mmoja wa vijana aliukanyaga mche uliodondoka, akaupiga teke mtaroni. Ajwang alishikilia mlango wa nyuma wa pikapu mpaka ilipoanza kwenda, akakimbia nayo hatua kadhaa, kandambili moja ikamtoka, akaachilia. Seremala alimwokotea kandambili. Aliipangusa vumbi kwanza kabla ya kumpa.

* * *

Kituoni Ajwang aliambiwa kosa ni mtumishi kumwibia mwajiri wake, na kwamba mlalamishi akitaka kuondoa kesi anaweza. Kwa hiyo alasiri hiyo alikwenda mjini. Duka la vitambaa la Ridhwan lilikuwa Biashara Street, na Ajwang aliwahi kufika hapo mara moja, miaka mingi nyuma, kuchukua sare ya kazi ya mumewe.

Karani wa duka, kijana nadhifu aliyeitwa Munir, alimtazama miguuni kabla ya kumtazama usoni.

"Mama, ungoje nje. Hivyo viatu vina tope, na hapa chini tumekunjua vitambaa vya harusi."

Alingoja nje. Saa nzima alisimama kando ya ukuta, akiwapisha waliotoka na mifuko. Ridhwan alipotoka hatimaye, alimvuta kando, mbali na mlango, kama mtu anayeficha kitu.

"Mama, jambo liko kwa polisi sasa. Mimi siwezi kuliingilia."

"Si wewe ndiye mlalamishi?"

"Ni mambo ya nyumbani. Mke wangu ameumia."

"Mke wako ameumia." Ajwang aliyarudia maneno hayo polepole. "Na mimi? Jackton atalala wapi leo, unajua? Amebeba mama yako, Ridhwan. Wewe ukiwa Dubai kutafuta vitambaa, mama yako alianguka bafuni, ni nani alimbeba mpaka gari? Aliniambia mama alikuwa mwepesi kama kikapu. Alirudi nyumbani akakataa chakula. Huyo ndiye mwizi wako?"

Ridhwan alitazama huku na huku. Akatoa pochi, akamtilia noti ya elfu moja mkononi. "Chukua ya nauli. Tafadhali. Watu wanatuangalia."

Ajwang aliitazama ile noti. Halafu akampita, akaingia dukani moja kwa moja, akakanyaga vile vitambaa vyeupe kutoka mwanzo mpaka mwisho kwa viatu vyake vya kitaluni, akaiweka ile noti kwenye kaunta mbele ya Munir.

"Mpe mkubwa wako. Imemwanguka."

* * *

Kesho yake asubuhi Ridhwan na Sahar walifika kituoni kuandikisha taarifa, kwa kuwa nyumba ilikuwa kwa jina la Ridhwan na bila maneno yake faili isingeenda kortini. Ajwang alikuwa amekwisha kufika tangu saa kumi na mbili na chupa ya chai ambayo hakuruhusiwa kuipeleka ndani. Sajini Mbuthia, mtu mnene mwenye mafua, alifungua kitabu kikubwa. Jackton aliletwa, akasimama kando ya kaunta akishikilia suruali kwa mkono, maana walikuwa wamemnyang'anya mshipi.

"Haya, Bwana Ridhwan," Mbuthia alisema. "Kwa kifupi tu. Huyu alikuwa na ruhusa ya kukata hiyo maua ama hakuwa?"

"Ngoja, afande," Ajwang alisema.

"Mama, zamu yako bado."

"Sitasumbua. Nataka aseme neno moja kabla uandike." Alisogea mpaka akasimama mbele ya Ridhwan. Hakupaza sauti; aliikunja mikono yake chini ya leso. "Sema, 'Wallahi, mama yangu hakumpa Jackton hiyo rosi.' Hiyo tu. Ukisema, mimi nafunga mdomo, na huyu aende jela, sitakuja hapa tena."

"Mama, hapa si msikiti," Mbuthia alisema.

"Najua. Simuulizi yeye kama afande. Namuuliza kama mtoto wa Bi Saleha."

Sahar alishusha pumzi kwa kuchoka. "Sema tu, Ridhwan, tumalize. Si kweli? Si uliniambia hukuona kitu?"

Ridhwan alifungua kinywa. Mbuthia alingoja na kalamu juu ya kitabu. Mtu alikohoa kwenye benchi la nyuma. Ridhwan alikifunga kinywa, akatazama kalenda iliyotundikwa ukutani, kisha viatu vyake.

"Hatutaendelea na kesi," akasema.

"Sijakuuliza kesi," Ajwang alimwambia.

"Nimesema hatuendelei. Afande, futa."

Sahar alikuwa akimtazama mumewe kama mtu anayesoma maandishi madogo sana. "Hukujibu," alisema. Akangoja. "Ridhwan, hukumjibu huyu mama." Ridhwan akamshika kiwiko, naye akakitoa kiwiko chake mkononi mwake, akachukua mkoba, akatoka peke yake.

Jackton aliachiliwa saa tano. Alirudishiwa mshipi na makasi. Hakuna aliyemwambia pole, na hakuna aliyemwambia chochote kuhusu miche.

* * *

Huko Riruta, Jackton na Ajwang walikaa kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, na kila mlango ulikuwa umekwisha kuisikia habari. Wiki hiyo Jackton aliuliza kazi katika nyumba nne. Tatu walimwambia hakuna nafasi. Ya nne, bibi mmoja alimsikiliza kupitia tundu la geti, kisha akauliza, "Wewe si ule wa maua, ule alishikwa?" na kufunga tundu. Jackton alirudi nyumbani kwa miguu. Hakumsimulia mkewe mpaka alipolazimishwa, na hata hapo alisimulia kwa upole, kana kwamba bibi yule alikuwa na haki.

Upole huo ndio uliomkasirisha Ajwang kuliko pingu. "Kasirika basi, Baba Ivyne! Hata kidogo! Mimi nimechoka kukasirika peke yangu!"

"Nikikasirika itasaidia nini?"

Jumapili adhuhuri, watu wakiwa wametoka kanisani, Ridhwan alitokea kwenye lango la ploti. Alikuwa amekonda kwa wiki moja. Jackton alikuwa ameketi kwenye kidato cha ngazi ya mlango wao, akinoa makasi kwa jiwe.

"Jackton, nimekuja tuzungumze. Ndani, tafadhali."

"Hapa ni sawa."

Ridhwan alitazama milango iliyo wazi. Akashusha sauti. "Rudi kazini. Bustani imeharibika, niliyemleta hajui hata kumwagilia. Sahar hazungumzi nami tangu siku ile. Mshahara nitakuongeza. Wewe ni mtu wa nyumbani, Jackton. Tuyasahau."

"Ulikumbuka?" Jackton aliuliza.

"Nini?"

"Ile siku ya Idd. Ulikumbuka ama ulisahau kweli?"

Ridhwan aliyatazama yale makasi. "Nilikumbuka."

Jiwe lilianguka. Jackton alisimama, na sauti iliyomtoka haikuwa imewahi kusikika kwenye ploti ile. Watoto waliokuwa wakicheza na kamba waliacha. Ajwang, aliyekuwa ndani akichambua mboga, alitoka na majani mkononi.

"Ulikumbuka, na ukaniacha nifungwe pingu! Mbele ya Obuya! Mbele ya watu nimesalimia kila asubuhi miaka kumi na saba! Nimeuliza kazi nikajibiwa kwa tundu ya geti kama mbwa! Unakuja hapa kuninong'oneza? Siku ya kuniita mwizi mbona hamkunong'ona?"

"Jackton, nakuomba—"

"Sema hapa! Mimi ni mwizi?"

"Wewe si mwizi."

"Sauti! Wakati wa polisi ulikuwa na sauti!"

"Huyu si mwizi!" Ridhwan alisema, akiwageukia majirani, na uso wake ukaiva. "Mama yangu alimpa. Nilikuwapo. Nilidanganya."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa chumba cha mwisho alisema, "Ehe," akaendelea kuanika nguo.

"Sasa twende," Jackton alisema.

"Wapi?"

"Kwako. Hawa hawakuniona na pingu. Wale ndio waliniona."

Alivaa buti zake zenye matope ya wiki iliyopita, akatoka nje ya ploti, akafungua mlango wa mbele wa gari la Ridhwan, akaketi. Ajwang aliingia nyuma na leso yake ya nyumbani, mkononi bado ameshika majani ya sukuma. Ridhwan akawasha gari, wakashika Naivasha Road kuelekea Parklands.

Pale kwenye geti Ridhwan alisimama juani. Obuya aliitwa. Dereva wa nyumba ya pili aliitwa, na yaya, na mama mzee wa kona ambaye alikuja polepole akijifunga mtandio. Ridhwan aliyarudia yale maneno. Safari hii yalimtoka kwa shida zaidi, kwa sababu hawa walikuwa majirani zake na wataendelea kuwa majirani zake. Mama mzee alimtazama Jackton, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilifunga mlango." Jackton aliitikia kwa kichwa.

"Basi kesho utaanza?" Ridhwan aliuliza, akipangusa jasho.

"Hapana, boss. Tafuta mtu."

Akageuka na kuondoka. Alifika kwenye nguzo ya pili ya taa, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika. Ajwang alikaa kando yake. Hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka alipotoa kitambaa na kupenga.

"Tumemaliza," Jackton alisema. "Twende nyumbani, Mama Ivyne."

"Wewe umemaliza." Ajwang alimwekea yale majani ya sukuma mapajani. "Jina yako umerudishiwa. Miche yangu je? Themanini na mitatu, nilihesabu nikikimbia na ile gari. Hakuna mtu ameitaja. Hata wewe."

Alinyanyuka, akakaza leso kiunoni, akarudi kwenye geti lililokuwa limefungwa. Akaligonga kwa kiganja. Akaligonga kwa ngumi, kisha kwa viganja vyote viwili, bati likalia mtaa mzima, mbwa wa nyumba tatu wakabweka, na yaya wa jirani akarudi nje na mtoto.

"Obuya! Fungua! Sina shida na wewe! Niitie mwenye kuuza maua!"

Kitasa kilizunguka. Aliyefungua hakuwa Obuya bali Sahar, kichwa wazi, macho yamevimba, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake, kwenye kivuli cha ukuta, miche ilikuwa imepangwa safu kwa safu. Mingi ilikuwa imenyauka, na ndoo ya maji ilikuwa katikati yake.

"Nimejaribu kuiokoa," Sahar alisema. "Arobaini na moja imeshika. Nyingine sijui."

"Hukuwa na haki ya kuijaribu," Ajwang alimwambia. "Ilete yote. Hata iliyokufa."

Sahar aliliacha geti wazi, akaiendea miche. Kisha akainama, akabeba miche miwili ya kwanza, mmoja kila mkono, akaitoa nje na kuiweka barabarani miguuni pa Ajwang, akarudi ndani kuchukua mingine.